Maji ya Kifundoni

Shahada ya uzamivu, ndivyo wanavyoiita,
na mimi huzama katika mfereji
usiofika kifundo cha mguu.
Kidia, juu ya Moshi, saa moja asubuhi:
natupa chungwa bovu majini,
nahesabu sekunde hadi lipite jiwe la pili,
naandika. Narudia mara kumi.
Mama Ndeshi anapita na majani ya ng'ombe kichwani.
"Bado unacheza na machungwa?"
Bado, mama. Mwaka wa nne sasa.

Binamu zangu walioishia kidato cha nne
wana maduka ya vipuri Majengo, wana fuso.
Mimi nina mteremko mzima wa mlima kwenye kompyuta,
kijani kwa migomba, kijivu kwa mabati,
na kila nikikuza picha ya mwaka mpya
kijivu kimeila kijani
kama nondo kwenye sweta.

Baba hakuwahi kuniuliza nadharia.
Aliniuliza: hayo maji unayoyapima, yanaongezeka?
Nikamwambia, kupima si kuongeza.
Akacheka hadi akakohoa.
"Basi wewe ni karani wa ushirika,
unapima kahawa yote, hunywi hata kikombe."

Alikufa mwezi wa nne, masika yameshika.
Siku kumi na saba sikwenda kwenye kipimamvua.
Tulimlaza kihambani, kati ya migomba,
udongo ukinata kwenye majembe,
na mimi, Mungu anisamehe, konzi langu mkononi,
nikawaza: unyevu, asilimia arobaini, pengine zaidi.

Kwenye jedwali, siku isiyo na kipimo
huandikwa hasi mia tisa tisini na tisa
ili mashine isiidhanie sifuri.
Sifuri ni kipimo. Sifuri ni kusema
haikunyesha, na mtu alikuwepo kuona.
Nikazipanga hasi kumi na saba, moja chini ya nyingine.
Msimamizi akaandika pembeni, wino mwekundu:
"Pengo hili? Eleza."
Nikajibu: hitilafu ya kifaa.
Kifaa kilikuwa mimi.

Juni, nikitafuta stakabadhi ya jeneza kabatini,
nikakuta bahasha ya ahadi ya usharika, haina fedha.
Nyuma yake, mwandiko wa dada yangu Aikande,
wa darasa la saba,
ambaye hunishikia mwavuli nikisoma kipimo
nami nikidhani anatazama kuku.

Tarehe kumi na nne, saa tatu: 12.6
Tarehe kumi na tano: 0
Tarehe kumi na sita, mazishi: 31.4
na kando, kwa herufi ndogo,
*watu wameloa sana, turubai limevuja upande wa wakwe.*

Siku zote kumi na saba.
Moja tu aliikata, akaiandika upya.

Nilimfuata jikoni. Nani alikufundisha?
Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.
"Si unainama, jicho liwe sawa na maji,
unasoma pale yalipobonyea.
Kwani kuna kingine?"

Kwenye sura ya tatu nimeandika kurasa kumi na moja
za hicho kingine.

Usiku umeme uliporudi nikafuta zile hasi
polepole, kama mtu anayeng'oa misumari
asitake kupasua ubao.
Kwenye ya tatu nikakaa.
Kaburi ni mita mbili kwa moja.
Milimita thelathini na moja nukta nne
zidisha kwa eneo: lita sitini na mbili na ushei.
Ndoo tatu, baba, na birika moja.
Hayo ndiyo uliyoyapata siku ile.

Sijui nitayaweka sura ipi.